Jani la mlonge kutoka mtini hadi kwenye kipimo: mwongozo kamili wa kukausha, kukamua na kupima nguvu ya antioksidanti

Pita soko la Mgandini hapa Tanga mjini uangalie unga wa mlonge. Vifuko viwili vinaweza kukaa kwenye meza moja, kimoja kijani kama nyasi za masika, kingine rangi ya tumbaku, na vyote vikaitwa unga wa mlonge. Mnunuzi anauliza bei. Ni nadra kusikia mtu akiuliza jani lilikaushwa wapi, na kwangu mimi hilo ndilo swali la kwanza.

Nilijifunza kwa kukosea. Bechi yangu ya kwanza niliianika juu ya bati, Ngamiani, mwezi wa Januari, jua la kaskazi likiwaka. Siku ya pili majani yalikuwa yanavunjika mkononi nami najisifu kwa wepesi wa kazi. Nikampelekea shangazi yangu Chumbageni, ambaye amekausha majani ya dawa tangu sijazaliwa. Akachukua kidogo, akayasugua viganjani, akanusa, akanitazama. "Mwanangu, haya umeyakausha au umeyachoma?" Sikuwa na la kujibu. Nilipokuja kuyapima baadaye, kwa njia nitakazoeleza hapa chini, nikaona pua yake ilisema kweli kabla ya kemia yangu.

Mwongozo huu unafuata jani hatua kwa hatua: kulitambua, kulivuna, kulikausha kwa namna mbili, kulikamua, kuona kemikali zilizomo, kisha kupima nguvu yake, kwanza kwa vifaa vya jikoni na duka la dawa, halafu kwa kipimo cha maabara kiitwacho DPPH. Mwalimu wa sekondari, mwanafunzi wa chuo au mkaushaji wa majani anaweza kuishia hatua inayolingana na vifaa alivyo navyo.

Ndani ya jani kuna nini

Bilinganya ukilikata na kuliacha mezani hugeuka kahawia. Msumari ukilala nje hupata kutu. Yote mawili ni kazi ya oksijeni. Mwilini nako, chembe hai zinapotumia oksijeni huzaliwa vipande vyenye njaa ya elektroni, vinavyoitwa radikali huru, navyo hunyang'anya elektroni kutoka kwa mafuta, protini na vinasaba vilivyo jirani. Antioksidanti ni kitu kinachokubali kutoa elektroni yake ili mnyang'anyi atulie.

Jani la mlonge, Moringa oleifera, lina kadhaa za namna hiyo. Zipo flavonoidi, hasa kwasetini na kemferoli zilizoshikana na sukari. Ipo asidi ya klorojeni, ileile inayopatikana kwa wingi kwenye kahawa mbichi. Ipo vitamini C, na ipo beta karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Pamoja nazo zipo tanini na saponini kidogo. Ule ukali unaopanda puani ukitafuna jani bichi una chanzo kingine: jani likipondwa, kimeng'enya hukutana na glukosinolati zilizokuwa zimetengwa na kuzigeuza kuwa isothiosayanati, ndugu wa zile zinazoipa haradali ukali wake.

Hizi hazifanani kwa uvumilivu. Vitamini C huharibiwa na joto, mwanga na hewa. Beta karotini haipendi jua. Flavonoidi ni sugu zaidi, ila nazo hupungua jani likinyauka polepole katika unyevu, kwa sababu vimeng'enya vya jani lenyewe huendelea kufanya kazi hadi maji yaishe. Kwa hiyo mkaushaji ana maadui wawili wanaovutana: jua kali upande mmoja, uvivu wa kukauka upande wa pili. Kwa mji wa pwani kama Tanga, wenye unyevu mwaka mzima, huyu wa pili asidharauliwe.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni mlonge

Wapo wanaouita mzunze. Jani lake kubwa limegawanyika mara mbili hadi tatu, na vijani vyake ni vya mviringo, urefu wa sentimita moja hadi mbili. Maua ni meupe yanayoelekea rangi ya krimu na yananukia. Maganda ni marefu kama fimbo, na wenzetu wenye asili ya Kihindi huyapika mchuzi yakiwa machanga. Mbegu ina mabawa matatu ya karatasi. Ukiona maganda na mbegu, shaka imekwisha.

Kama kazi yako ni ya chuo, kausha tawi lenye ua kati ya magazeti chini ya uzito, andika mahali, tarehe na jina la kienyeji, kisha upeleke kwa mtaalamu wa mimea athibitishe. Mkoa wetu una historia ndefu katika jambo hili. Kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki, kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na bustani yake ya mimea ilikuwa miongoni mwa kubwa katika Afrika nzima. Jina likikosewa hapa mwanzo, vipimo vyote vinavyofuata vitakuwa vya mti mwingine.

Hatua ya pili: kuvuna

Vuna kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Chukua majani ya katikati ya tawi, yaliyokomaa lakini hayajaanza manjano. Usivune mti ulio ukingoni mwa barabara ya malori: vumbi na moshi havitoki vyote kwa kuosha. Osha kwa maji safi mara mbili au tatu, kung'uta, tandaza juu ya kitambaa dakika chache maji yadondoke, halafu pukutisha vijani na utupe vikonyo.

Sasa pima mafungu matatu kutoka mti uleule na siku ileile. Fungu A ni gramu 20 za majani mabichi, litumike leo hii. Fungu B na C ni gramu 100 kila moja. B linakwenda kivulini, C linakwenda juani. Mzani wa jikoni unatosha kwa sasa. Kwa vipimo vidogo vya baadaye tafuta mzani wa kusoma sehemu ya mia ya gramu. Mimi niliazima kwa sonara.

Hatua ya tatu: kukausha

Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu, kwa hiyo twende taratibu.

Fungu B linataka chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Tengeneza fremu ya mbao, ikaze kwa wavu au kipande cha chandarua safi kisichotiwa dawa, uiweke juu ya viti viwili ili hewa ipite juu na chini. Mkeka sakafuni haufai: upande wa chini hubaki na jasho, na katika jasho ndimo ukungu unamoanzia. Tandaza safu nyembamba, unene usiozidi kidole. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Geuza asubuhi na jioni.

Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Februari, siku tatu hadi nne hutosha. Masika, Machi hadi Mei, usijaribu bila msaada wa moto au feni. Ukitumia kikaushio, joto lisizidi nyuzi 50. Jani lililokauka vizuri husagika kwa vidole na kutoa mlio, na rangi yake hubaki kijani. Pima uzito leo, pima kesho: uzito usiposhuka tena, limekauka. Kwa kuwa karibu robo tatu au zaidi ya jani bichi ni maji, gramu 100 zitabaki kama gramu 22 hadi 25. Zikibaki 30, bado kuna maji ndani na ukungu utakufuata kwenye chupa.

Fungu C lianike juani kama wengi wanavyofanya, kwenye ungo au bati, mpaka likauke. Fanya hivyo bila kulihurumia, maana ndilo shahidi wako.

Saga kila fungu peke yake kwa kinu na mchi, au blenda kwa mizunguko mifupi ili isipate moto. Chekecha. Weka kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, ifunge kwa karatasi nyeusi au ya foili, andika fungu na tarehe.

Hatua ya nne: kukamua

Kwa vipimo vya nyumbani kamua kwa maji. Chukua gramu 5 za unga wa B, mililita 50 za maji ya uvuguvugu yasiyochemka, koroga dakika 15, chuja kwa kitambaa cha pamba halafu kwa karatasi ya chujio. Maji yanayopatikana ndiyo dondoo. Fanya vilevile kwa C. Kwa fungu A ponda gramu 20 za majani mabichi katika mililita 50 za maji, chuja upesi, tumia papo hapo. Gramu 20 mbichi zina karibu uzito uleule mkavu wa gramu 5 za unga, kwa hiyo mizani iko sawa. Maji yawe yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma lebo mara mbili: asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo, nayo huunguza.

Kwa maabara kamua kwa ethanoli ya asilimia 70, kwa sababu flavonoidi nyingi hutoka vizuri zaidi kwenye mchanganyiko wa pombe na maji kuliko kwenye maji matupu. Mililita 73 za ethanoli ya asilimia 96 ukiziongezea maji hadi mililita 100 hukupa kiasi hicho. Loweka gramu 10 za unga kwenye mililita 100, gizani, saa 24, ukitikisa kila unapopita. Chuja, kisha vukiza pombe kwenye bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto yasiyozidi nyuzi 50, mbali na moto wa wazi. Pima mabaki. Yakiwa gramu 1.6, mavuno ni 1.6 gawanya kwa 10, yaani asilimia 16. Gongo haifai kwa kazi hii, hujui kilichomo. Spiriti ya jiko iliyotiwa rangi haifai pia, ina methanoli na rangi yake itakudanganya. Na dondoo lolote la maabara lisionjwe na mtu.

Hatua ya tano: kuona kemikali kwa macho

Majaribio haya hujibu ipo au haipo. Usiyatake yaseme kiasi gani.

Saponini ndiyo rahisi kuliko zote. Mililita 2 za dondoo, mililita 5 za maji, tikisa kwa nguvu nusu dakika, acha. Povu likisimama dakika 10 hadi 15, ipo.

Tanini na fenoli nyingine (kundi ambalo flavonoidi na asidi ya klorojeni pia zimo) huonekana kwa chumvi ya chuma. Maabara hutumia matone mawili ya feriki kloraidi: rangi ikigeuka buluu nyeusi au kijani cheusi, zipo. Nyumbani tumbukiza misumari isiyopakwa zinki kwenye siki kwa siku chache hadi siki iwe na rangi ya kutu, halafu dondosha kidogo kwenye dondoo. Anza kwa chai ya rangi iliyokolea ili ujue weusi unaoutafuta unafananaje.

Flavonoidi hupenda alkali. Matone machache ya sodiamu haidroksaidi huleta manjano makali, na ukiongeza asidi dhaifu manjano hufifia. Kufifia huko ndiko kunakothibitisha. Kwa mtu wa nyumbani, magadi kidogo yaliyoyeyushwa yatakuonyesha manjano, na ndimu itayafifisha. Ukishaona hivyo utaelewa pia kwa nini magadi kwenye mboga za majani ni hasara: hulinda kijani huku yakiua vitamini C.

Alkaloidi, kemikali za mimea zenye nitrojeni na mara nyingi chungu, hutafutwa kwa kukamua unga katika asidi haidrokloriki ya asilimia 1, kisha kuongeza kitendanishi cha Wagner, ambacho ni iodini katika potasiamu ayodaidi. Tope la kahawia nyekundu likijitokeza, zipo. Terpenoidi huhitaji klorofomu na asidi salfuriki kali. Hilo lifanyike maabara yenye kabati la kuvuta hewa chini ya macho ya mwalimu, na nyumbani liachwe kabisa.

Hatua ya sita: kuhesabu matone

Nimetafuta sana kipimo ambacho mtu wa Pongwe au Pangani anaweza kukifanya bila umeme, nacho ni hiki. Iodini ni mnyang'anyi wa elektroni. Ikikutana na wanga hutoa buluu nyeusi. Lakini vitamini C ikiwepo humkabidhi elektroni kwanza, na buluu haitokei mpaka vitamini iishe. Hesabu matone mpaka buluu itokee, na umepata kipimo. Wapo wanaotumia pamanganeti ya potasiamu. Siipendi, maana hupauka kwa sukari na karibu kila kitu kilichotoka kwenye mmea.

Andaa hivi. Chemsha kijiko cha chai cha unga wa muhogo katika glasi ya maji, acha upoe: hiyo ndiyo wanga. Nunua duka la dawa povidoni iodini ya asilimia 10, ile ya kusafishia vidonda. Kwa bomba la sindano chukua mililita 1, ongeza mililita 9 za maji. Yeyusha kidonge cha vitamini C cha miligramu 100 katika nusu lita ya maji, ukitumie ndani ya saa hiyo.

Weka mililita 5 za maji ya vitamini C kwenye glasi nyeupe, ongeza matone 5 ya wanga. Dondosha iodini tone moja moja, tikisa kila tone. Buluu itatokea na kupotea, itatokea na kupotea. Ikikaa nusu dakika bila kupotea, simama uandike idadi. Mililita 5 hizo zina miligramu 1 ya vitamini C, na kwa hesabu ya kemia humaliza takriban miligramu 1.44 za iodini, yaani mililita 1.44 za mchanganyiko wako, karibu matone 29 kama bomba lako hutoa matone 20 kwa mililita. Ukipata 26 au 32 usihangaike. Ukipata 60, kuna kosa la upimaji.

Rudia kwa A, B na C, kila moja mara tatu, uchukue wastani. Rangi ya kijani ya dondoo itafanya buluu ionekane kama kijani cheusi, kwa hiyo weka glasi ya dondoo lisilotiwa iodini pembeni ulinganishe. Tuseme B imekubali matone 15 na vitamini C yako ilikubali 29. 15 gawanya kwa 29 ni takriban miligramu 0.52 katika mililita 5, sawa na 5.2 katika mililita 50, na kwa kuwa ulianza na gramu 5, ni kama miligramu 1 kwa gramu moja ya unga. Kipimo hiki kinaegemea zaidi vitamini C na kugusa fenoli kidogo. Ndicho kinachoonyesha wazi zaidi adhabu ya jua. Bechi yangu ya batini ilipata buluu mapema mno, na nilikaa kimya mbele ya glasi ile.

Hatua ya saba: DPPH

Chuo chenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaomezwa na kimiminika chenye rangi, kinaweza kwenda mbele. DPPH ni radikali huru iliyo tulivu, unga mweusi unaoyeyuka katika methanoli na kutoa zambarau. Blois aliieleza kama kipimo cha antioksidanti mwaka 1958, na bado inatumika kila mahali. Ikipewa elektroni au haidrojeni, zambarau hugeuka manjano, na mashine husoma upungufu huo kwenye nanomita 517.

Yeyusha miligramu 3.94 katika mililita 100 za methanoli. Funga chupa kwa foili, tumia siku hiyohiyo. Methanoli ni sumu inayopofusha, vaa glavu na fanya kazi penye hewa. Yeyusha miligramu 10 za dondoo kavu katika mililita 10 za methanoli, kisha punguza upate maikrogramu 400, 200, 100, 50 na 25 kwa mililita. Andaa vitamini C safi kwa viwango vya chini zaidi, kwa sababu ni kali.

Katika kila testi tyubu weka mililita 1 ya sampuli na mililita 3 za DPPH. Testi tyubu ya kulinganishia ipate mililita 1 ya methanoli badala ya sampuli. Ziache gizani dakika 30 kamili, halafu soma. Kuna makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara. La kwanza ni kusahau kwamba sampuli imepungua mara nne ndani ya testi tyubu, kwa hiyo ile ya 100 sasa ni 25. La pili ni kusahau rangi ya jani lenyewe. Andaa testi tyubu nyingine yenye sampuli na methanoli bila DPPH, soma, na utoe.

Mfano wa hesabu: ya kulinganishia imesoma 0.850, sampuli 0.340, rangi ya jani 0.020. Sampuli halisi ni 0.320. Toa kwenye 0.850 upate 0.530, gawanya kwa 0.850, zidisha kwa 100: asilimia 62.4 ya radikali zimetulizwa. Chora grafu ya asilimia dhidi ya viwango, usome kiwango kinachotuliza asilimia 50. Kinaitwa IC50, na kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo dondoo lilivyo na nguvu. Linganisha B na C, na zote mbili na vitamini C. Pasipo mashine, panga testi tyubu mbele ya karatasi nyeupe kuanzia zambarau hadi manjano na upige picha kwa mwanga uleule. Utaona mpangilio hata kama huna namba.

Kabla hujamwambia mtu chochote

Testi tyubu haina tumbo wala ini. Sehemu kubwa ya flavonoidi hubadilishwa njiani kabla ya kufika kwenye damu, kwa hiyo asilimia 62 ya DPPH haimaanishi asilimia 62 ya kitu chochote mwilini mwa binadamu. Usimwambie mgonjwa wa sukari au presha aache dawa zake. Jani la mlonge linaweza kushusha sukari, na likijumlishwa na vidonge linaweza kuishusha kupita kiasi, basi amweleze daktari wake. Mizizi na magome ya mlonge yana kemikali zenye sumu na yasitumiwe, hasa na mjamzito. Anayetaka kuuza kama dawa ajue kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza lake la usajili. Anayeuza kama chakula ana masharti yake mengine.

Hatua ya mwisho: pima tena

Unga huendelea kufa ndani ya chupa. Mimi hurudia kuhesabu matone ya fungu B kila mwezi na kuandika idadi kwenye lebo yenyewe, chini ya tarehe ya kukausha. Shangazi sasa ana chupa zenye safu za namba kabatini kwake Chumbageni, na ingawa bado huanza kwa kunusa, huniuliza, "Haya, matone mangapi?" Namba ikishuka chini ya nusu ya ile ya siku ya kwanza, unga ule haukai tena kabatini, tunawachanganyia kuku kwenye pumba.